Kuzima AC alfajiri ya Kobero: Tunaokoa mafuta au tunacheza na roho za abiria?

KAMA umewahi kupanda gari dogo la abiria alfajiri pale Kobero katika miezi ya mvua, bila shaka unakifahamu kitambaa cha dereva. Hukaa juu ya dashibodi, kimelowa na kimechakaa. Kila baada ya mita mia mbili hivi dereva hukinyakua, hufuta duara la ukubwa wa sahani kwenye kioo cha mbele, huinama, huchungulia hapo, na safari huendelea. Abiria wa nyuma wanazungumzia bei ya maharage. Hakuna anayeshangaa.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa mmoja wa abiria hao. Gari lilikuwa Probox, ndani tulikuwa wanane pamoja na dereva, tukitoka mpakani kwenda Muyinga. Mbele yetu lori lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara. Dereva akatoka kushoto ili alipite. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, upande huo wa kushoto, na kwa bahati nilikuwa nimejifutia kioo changu kwa mkono wa koti. Nikaona baiskeli inakuja, imesheheni mikungu ya ndizi. Nikapiga kelele. Kijana wa baiskeli alijitupa mtaroni na ndizi zake, akainuka akiwa mzima, akatutukana, na alikuwa na haki kabisa.

Nikamwomba dereva awashe AC, kioo kikauke.

"Mwalimu, hiyo inakunywa mafuta," akanijibu. "Haya nimeyatoa Kabanga kwa dumu. Siyo maji ya kisima."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Mwanangu, washa tu, tufike salama."

"Sawa, mama. Na nauli ya nyongeza utatoa wewe?"

Watu wakanyamaza. Nami nikabaki na swali moja kichwani hadi Muyinga: dereva yule alikuwa anaokoa kiasi gani hasa?

Tuanze kwa kumtendea haki. Tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi vya uhaba wa mafuta ambavyo mtu asiyevionja hawezi kuvielewa kwa kuhadithiwa. Chanzo kikubwa kinajulikana. Mafuta hununuliwa nje kwa dola, na dola nchini zimekuwa adimu. Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38. Magari yalilala vituoni, watu wakatembea kwa miguu, na dumu la lita ishirini likawa mali ya kufungiwa chumbani. Upande wa pili wa mpaka, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wafanyabiashara wa Kobero huzifuatilia bei hizo kuliko wanavyofuatilia matokeo ya mpira. Katika mazingira hayo mtu hujifunza kuhesabu matone. Dereva anayezima kila kinachozimika si mjinga. Kosa lake ni kwamba hesabu ameianzia mahali pasipo penyewe.

Wengi wetu tuliorudi tunalifahamu jambo hili tangu utotoni, ila hatukulihusisha na gari. Mimi nilisomea uhamishoni, wilayani Ngara. Asubuhi za baridi turubai la plastiki lilikuwa likidondosha matone usoni hata kama mvua haikunyesha usiku. Wazee walisema hema linalia. Kumbe zilikuwa pumzi zetu wenyewe: tulilala wengi, tukapumua usiku kucha, mvuke ukapanda, ukakuta plastiki ya baridi, ukageuka maji. Baadaye darasani tukapewa jina lake, mtonesho.

Ndani ya Probox mambo ni yale yale. Mtu mzima aliyetulia hupoteza kiasi cha gramu 30 hadi 40 za maji kila saa kupitia pumzi na ngozi yake. Watu wanane ni zaidi ya robo lita kwa saa, bila kuhesabu miavuli, vitenge vilivyoloa na magunia. Nje, nyanda hizi za Muyinga na Gitega ziko kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mvua pamoja na upepo wa mwendo hukipoza kioo vizuri sana. Mvuke ukigusa kioo unaganda kuwa vitone vidogo mno, na taa za gari linalokuja zikivipiga vitone hivyo unaona weupe mtupu. Kitambaa hakiyatoi maji garini. Kinayasogeza tu, tena kinaacha mafuta na vumbi ambavyo safari ijayo vinavuta ukungu haraka zaidi.

Sasa, AC inaingiaje hapa, wakati abiria wanatetemeka kwa baridi?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na si madereva peke yao. Tumezoea kuamini kwamba kiyoyozi kazi yake ni kuleta ubaridi. Kiyoyozi cha gari kina kazi ya pili, nayo ni kukausha hewa. Hewa inayoingia hupitishwa kwenye mabomba membamba ya baridi yaliyojificha nyuma ya dashibodi. Mvuke uliomo hugeuka maji papo hapo juu ya mabomba hayo, kisha maji hayo hutoka chini ya gari kwa kijibomba. Yale matone unayoyaona chini ya gari lililosimama na AC ikiwaka ndiyo hayo, wala si rejeta inayovuja. Hewa iliyokwisha kunyimwa maji hupita kwenye rejeta ndogo ya ndani, ambayo huchukua maji ya moto ya injini, na hapo hupata joto. Kinachotoka chini ya kioo cha mbele ni hewa kavu na yenye joto, yenye kiu ya maji. Ndiyo maana kioo husafika kwa dakika chache.

Kuwasha baridi na joto kwa pamoja huonekana ni wazimu, lakini ni sawa na mama anayefua: kwanza anakamua nguo, halafu anaianika juani. Ukitumia joto pekee unaanika bila kukamua. Itakauka, ila kwa kuchelewa, na wewe uko barabarani.

Watengenezaji wanalijua hilo. Katika magari mengi, ukizungusha kitufe hadi kwenye alama ya kioo cha mbele yenye mishale mitatu inayojipinda, kompresa ya AC huwaka yenyewe, hata kama taa ya A/C haionyeshi. Dereva anayejisifu kwamba yeye hutumia hewa ya kioo tu bila AC, huenda amekuwa akiitumia miaka yote. Na tusichanganye alama hiyo na ile ya pembe nne, ya kioo cha nyuma. Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba zinazopashwa moto na umeme wa altaneta, na hakihusiani na AC hata kidogo. Magari yetu mengi yametoka Japani na maandishi ya Kijapani, hivyo kubahatisha vitufe ni jambo la kila siku.

Turudi kwenye mafuta. Ni kweli kwamba kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda, na nguvu hiyo hutokana na petroli. Inaponasa, injini hushuka sauti kidogo kama mtu aliyeongezewa mzigo begani, na dereva mwenye wasiwasi huisikia kama faranga zinazoanguka. Wizara ya Nishati ya Marekani imewahi kueleza kwamba katika joto kali AC inaweza kupunguza umbali ambao gari hupata kwa kila lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi. Takwimu hiyo ndiyo inayozagaa vijiweni, ila maneno "joto kali" huachwa njiani. Inamhusu mtu wa Bujumbura au Dar es Salaam saa nane mchana, gari limeanikwa juani tangu asubuhi. Alfajiri ya Kobero hewa tayari ina ubaridi, na kompresa haina kazi kubwa.

Tufanye hesabu ya darasa la sita. Tuseme, kwa gari dogo kama lile, kompresa inaongeza matumizi ya nusu lita kwa saa. Kwa asubuhi ya baridi hiyo ni hesabu ya kumpendelea dereva. Ukiiwasha kwa dakika kumi, mpaka kioo kikauke, umetumia sehemu ya kumi na mbili ya lita, yaani takriban mililita 80. Hiyo haijazi kikombe cha chai. Kisha unaweza kuizima, ukabaki na joto na hewa ya nje, na ukairudisha ukungu unapoanza tena. Hiyo ndiyo thamani ya yule kijana wa ndizi.

Mafuta ya dereva yanapotelea kwingine. Wizara hiyo hiyo ya Marekani hukadiria kwamba kila kilo 45 za mzigo wa ziada hula kiasi cha asilimia moja ya mafuta, na gari dogo huumia zaidi. Sanduku kubwa juu ya paa, kwa mwendo wa barabara kuu, linaweza kula kati ya asilimia 6 na 17. Magunia yetu hayana hata umbo la sanduku. Tairi zisizo na upepo wa kutosha zinakula kila kilomita, mchana na usiku. Na kuna ile tabia ya mpakani ya kuacha injini inanguruma wakati karatasi zinagongwa mihuri. Injini ya namna hiyo ikisimama ikiwaka saa nzima inaweza kumaliza zaidi ya nusu lita bila kusogea hatua moja. Dereva aliyezima AC ili kuokoa kikombe, kisha akaacha gari linanguruma huku akinywa chai yake taratibu, amejidanganya.

Kobero ina hatari yake ya pekee, na wenzangu wafanyabiashara wanaielewa. Tanzania huendesha kushoto, Burundi huendesha kulia. Hapo hapo mpakani malori hubadilisha upande. Isitoshe, Probox nyingi zina usukani kulia, sawa na zilivyotoka Japani, kwa hiyo zikiwa Burundi dereva hukaa upande wa mtaro. Anapotaka kulipita lori, lazima aone kupitia kona ya kushoto ya kioo, mbali naye kabisa. Duara lake la kitambaa liko kulia, mbele ya pua yake. Kona ile ya kushoto haifikii kwa mkono. Siku ile ilikuwa mbele yangu mimi, nami sina leseni.

Wapo watakaosema AC zao ni mbovu, na mara nyingi wanasema kweli. Gari la miaka mingi huvuja gesi, na gesi ikipungua kompresa hukataa kuwaka. Kwa hao bado kuna la kufanya. Weka joto hadi mwisho, fungulia hewa ya nje badala ya ile inayozungushwa ndani kwa ndani (hiki kitufe peke yake kimewaponza wengi, maana kikifungwa pumzi za watu wanane hazina pa kutokea), shusha vioo viwili vya ubavuni kidole kimoja, na kioo cha mbele kioshwe kwa ndani kwa maji na sabuni. Abiria watalalamika baridi. Walalamike.

Lakini tusimwachie dereva peke yake. Yeye ndiye anayelipa mafuta, na hatari tunaigawana sote pamoja na waendesha baiskeli ambao hawakukata tiketi yoyote. Maadamu gharama iko kwake na ajali iko kwetu, ataendelea kuzima, na mimi ningekuwa yeye labda ningezima pia. Yule mama aliyeambiwa aongeze nauli angeweza kumjibu kwamba mililita 80 zikigawanywa kwa abiria saba ni kama vijiko viwili vya chai kwa kila mmoja. Hakuwa na hesabu hiyo mkononi, nami sikuwa nayo.

Wapo pia askari wa usalama barabarani. Nimesimamishwa nao mara nyingi kati ya Kobero na Muyinga, nimeona wakidai leseni, bima na karatasi za gari, wakitazama tairi na taa. Sijawahi kumsikia hata mmoja akimwambia dereva awashe hewa ya kioo. Kipimo chake hakihitaji mashine. Askari aingize kichwa dirishani, apulize pumzi yake kwenye kioo cha mbele, aamuru kitufe chenye mishale mitatu kiwashwe, kisha atazame saa yake.