Mbamba Bay: Kifaa cha kusakia samaki kikifungwa vibaya, hela imezama

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue ugawaji wa boti za kisasa za mkopo jijini Mwanza, Januari 30, 2024, mashine za kutafutia samaki si habari ya meli kubwa tena.

Lakini Nyasa si Victoria. Victoria ina kina cha mita 80 hivi, Nyasa inafika mita 700. Tena kuanzia mita 250 hivi kwenda chini oksijeni hakuna, kwa hiyo samaki hakuna. Mvuvi wa Mbamba Bay anayeongeza pesa ili mashine ione mita 600 ananunua maji matupu.

Bora pesa hiyo iende kwa fundi. Kinachofanya kazi hasa ni kile kidude cha majini, transdyusa, kinachotuma sauti na kuisubiri irudi. Adui yake ni hewa. Kikikaa karibu na pangaboi, mapovu yanakifunika na kioo kinaonesha chenga tupu. Kifungwe tezini, mahali maji yanapopita yametulia, uso ukitazama chini moja kwa moja. Waya wake usifungwe pamoja na nyaya za injini.

Boti ya faiba tupu haina shida, kinagundishwa ndani bila kutoboa. Mbao haikubali, kwa sababu ina hewa ndani yake na sauti haipenyi vizuri. Mwenye mtumbwi anaweza kukifunga kwenye mti na kuuning'iniza ubavuni. Haipendezi, ila inafanya kazi, na akitia nanga anaondoka nacho nyumbani kabla wezi hawajakiona.

Hata kikifungwa sawasawa, kioo kinaweza kudanganya. Wale wadudu wanaofuka juu ya ziwa kama moshi huanza maisha yao majini, na lava wao wana vifuko vya hewa vinavyorudisha sauti kama samaki. Watafiti waliopima samaki wa Nyasa kwa sauti miaka ya 1990 walilazimika kuwatenganisha. Mchana lava hao hukaa chini, usiku hupanda, saa zile zile taa za dagaa zinapowaka. Asiyejua atashusha wavu kwenye wingu la wadudu, na mafuta yameshaungua.

Ndiyo maana anayekopa boti aulize kabla ya kusaini: bei hiyo ina fundi na siku za mafunzo ziwani, au mashine inakuja ndani ya boksi tu?