Kizuri kula na nduguyo, hata kiwe kriketi

JUKWAANI, na Bin Rajabu

Alasiri ya Jumapili, Agosti 25, 2019, kwenye uwanja wa Headingley mjini Leeds, England walikuwa wamebakiwa na wiketi moja tu dhidi ya Australia na bado walidaiwa mikimbio 73 ili washinde. Aliyeingia kumsindikiza Ben Stokes ni Jack Leach, mrushaji wa kuvaa miwani ambaye hakuna aliyemtegemea kwa kupiga. Mmoja wao akitolewa tu, mechi imekwisha, na Australia wanaondoka na uhakika wa kubaki na Ashes, ushindani ulioanzia kwenye tanzia ya kejeli katika gazeti la Sporting Times mwaka 1882.

Stokes akaamua liwalo na liwe. Alipiga mipira ikavuka kamba bila kugusa ardhi, huku Leach akifuta miwani na kuzuia mpira mmoja baada ya mwingine. Wale wa Western Terrace, jukwaa lenye kelele kuliko yote pale, walikuwa wakinyamaza mrushaji anapoanza kukimbia, kisha wakilipuka Leach anapozuia tu, kana kwamba amefunga bao. Ilipobaki mikimbio miwili, Leach alikwama katikati ya njia na mpira ukamponyoka Nathan Lyon wa Australia mkononi. Mpira uliofuata ulimpiga Stokes mguuni, mwamuzi akakataa kumtoa, na Australia hawakuwa na rufaa ya video iliyobaki. Hatimaye Leach akapata mkimbio wake mmoja katika mipira 17, matokeo yakawa sawa, na Stokes akamaliza kazi kwa mpira uliokwenda moja kwa moja mpakani. Alifikisha 135 bila kutolewa.

Swali langu la wiki hii ni hili: nani aliyaona hayo?

Waliokuwa uwanjani waliona. Waliolipia televisheni ya Sky waliona. Wengine wa Uingereza walibaki na redio ya BBC, ambayo kwa haki nitaisifu, kwa sababu kriketi na redio ni watu wa nyumba moja tangu zamani. Lakini kule Sydney na Melbourne, ambako ilikuwa usiku wa manane kuelekea alfajiri ya Jumatatu, Waaustralia walikuwa wakiitazama mechi hiyohiyo kwenye televisheni ya bure. Walioumia walitazama bila malipo. Waliofurahi, wengi wao, walisimuliwa.

Jambo hilo halikuja kwa bahati mbaya. Australia wana sheria inayolinda matukio makubwa ya michezo ili televisheni za kulipia zisiyahodhi peke yao, na mechi za Ashes zimo, hata zile zinazochezwa Uingereza. Uingereza nayo ina orodha yake, ila mwaka 1998 serikali iliziondoa mechi za Test, yaani zile za siku tano, zinazochezwa nyumbani katika kundi linalolindwa kikamilifu na kuziweka katika kundi la pili, ambalo linadai vipande vya marudio tu. Mlango ukawa wazi. Kuanzia 2006, matangazo ya moja kwa moja ya mechi za nyumbani za England yakahamia Sky.

Kilichopotea kinapimika. Katika Ashes ya mwaka 2005 England walishinda kwa mikimbio miwili pale Edgbaston, siku ya nne ambayo ingeweza kumalizika kwa mipira miwili na bado watu walijaa uwanjani. Msimu ule ulirushwa bure na Channel 4, na katika kilele chake watazamaji walipita milioni 8. England walipoitwaa tena Ashes mwaka 2009, kilele cha Sky hakikufika milioni 2.

Bodi ya Kriketi ya England na Wales ina hoja yake, na si ya kupuuzwa: fedha za Sky zinalipa wachezaji, zinashikilia klabu za majimbo na zinajenga viwanja vya watoto. Bila fedha hizo, huenda Stokes huyohuyo asingeandaliwa vizuri namna ile. Nakubali. Lakini kiwanja cha watoto kinataka watoto, na mtoto huvutwa na alichokiona. Anayesimulia leo namna Andrew Flintoff wa England alivyoinama kumfariji Brett Lee wa Australia pale Edgbaston, mara nyingi ni yule aliyekuwa sebuleni na wazazi wake, televisheni ikiwa wazi kwa kila mtu.

Sisi tuliokulia kibanda umiza hatuhitaji kufundishwa hili. Mechi ya roho juu huhitaji watu wa kushikana mabega, wakiwemo wale ambao mfukoni hawana kitu.

Na dawa ilishajaribiwa. Julai 14, 2019, wiki sita kabla ya Headingley, Sky walikubali kuigawia Channel 4 fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, England wakiwa wamefika. Nchi ikamtazama Stokes huyohuyo akiibeba timu mpaka kombe, na hakuna aliyesikika akilia kwamba Sky wamefilisika. Wiki sita baadaye, mlango ukafungwa tena.

Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali mwaka 2009 ilishapendekeza Ashes irudishwe kwenye kundi linalolindwa. Haikutekelezwa. Ikiwa kuzirudisha mechi zote ni mzigo mzito kwa bodi, basi ianze na Test moja katika kila mfululizo, irushwe bure kwa sheria na si kwa hisani ya mwenye mkataba. Australia wanauza haki zao za matangazo, wanapata fedha, na bado raia wao hutazama bure. Kama wapinzani wao wakubwa wameliweza hilo, Waingereza hawana kisingizio.