Alama maalumu katika nywila zinatuponza



Naomba unipe nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wananchi wengi wa huku kwetu Serengeti na jirani zetu wa Tarime. Jambo lenyewe ni masharti ya kutengeneza neno la siri, au nywila kama tunavyoiita siku hizi, ya kuingilia katika mifumo ya kompyuta.

Masharti hayo yanajulikana. Nywila iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama maalumu kama vile @, #, $ au &. Ukikosa hata moja, mfumo unakukatalia, tena mara nyingi kwa Kiingereza. Tunaambiwa kwamba hiyo ndiyo kinga ya siri zetu. Mimi nasema kwamba kwa jinsi mambo yalivyo huku, sharti la alama maalumu linazitoa siri zetu nje badala ya kuzilinda.

Siku hizi hakuna awezaye kuikwepa mifumo hii. Mtumishi wa serikali huingia katika mfumo wa ESS kuomba likizo, uhamisho na hata mkopo, na hujaza kazi zake katika PEPMIS, ambayo ilichukua nafasi ya fomu za OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/24. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao. Anayetafuta kazi serikalini hupitia Ajira Portal. Haya ni maendeleo na siyapingi hata kidogo. Mwalimu wa Majimoto hana haja tena ya kupoteza siku nzima kufuata fomu moja Mugumu.

Lakini wengi wetu hatuna kompyuta. Tunategemea simu ndogo au maduka ya stesheneri. Kwenye simu, alama hizo zimefichwa nyuma ya kurasa za herufi, na kila unachoandika kinageuka kuwa kidoto, hata hujui umekosea wapi. Dukani nako kompyuta nyingi ni za mitumba. Utakuta kibodi imechapwa kwa mpangilio wa Uingereza, lakini mashine imepangwa kwa mtindo wa Marekani. Unabonyeza penye @, inatoka alama ya kufungulia maneno. Ukikosea mara kadhaa, mfumo unakufungia mlango.

Basi mwananchi hufanya nini? Humwachia kila kitu kijana wa stesheneri. Kijana humtungia nywila, humfungulia na barua pepe, kisha huyaandika yote katika daftari ili mteja akirudi asisumbuke. Daftari la namna hiyo nimeliona kwa macho yangu katika duka moja mjini Mugumu. Majina yamo, namba za simu zimo, nywila zimo, mstari kwa mstari, nalo liko wazi mezani ambapo kila mteja huegemeza kiwiko. Siwalaumu vijana hawa, maana wanatusaidia. Lakini siri iliyo mezani si siri tena.

Hasara zake si za kubuni. Kijana mmoja wa kata yetu alifunguliwa akaunti ya maombi ya chuo katika duka moja, kwa barua pepe na nywila za mwenye duka. Alipotakiwa kurekebisha kasoro katika maombi yake, duka lilikuwa limefungwa na mwenyewe amehama. Siku za marekebisho zikapita akiwa nje ya mlango wake mwenyewe. Sasa fikiria mtumishi ambaye nywila yake iko mikononi mwa mtu mwingine, na mfumo wenyewe ndio unaopokea maombi yake ya mkopo.

Tena hizo nywila zinazotungwa kwa kutimiza masharti zinafanana kama mapacha. Jina la mahali, herufi ya kwanza kubwa, kisha @, kisha mwaka. Tarime@2024. Mugumu@123. Masharti yote yametimia na mfumo unafurahi. Lakini wezi wa mitandao wanaujua mtindo huu, na programu zao za kubahatisha huanzia huko huko.

Wapo watakaosema kwamba alama zikiongezwa, nywila inakuwa ngumu zaidi. Hilo ni kweli ikiwa alama zimechaguliwa bila mpangilio wowote, kama anavyofanya mashine. Binadamu hafanyi hivyo. Na hata kwa hesabu, urefu unashinda. Kibodi ya kawaida ina herufi, tarakimu na alama 94. Nywila ya alama 8 za kila aina, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ina michanganyiko kama trilioni 6,000. Nywila ya herufi ndogo tupu 12, zilizochaguliwa vivyo hivyo, ina michanganyiko zaidi ya mara 15 ya hiyo, bila @ hata moja.

Si mimi peke yangu ninayesema hivi. Masharti tunayoyafuata yalienea kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyeandika sehemu ya nywila katika mwongozo huo, Bill Burr, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huo huo taasisi hiyo ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kuchanganya aina za alama, wala wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda bila sababu. Toleo la mwaka 2025 limegeuza ushauri huo kuwa katazo. Kama waliotuletea desturi hii wameiacha, sisi tunaing'ang'ania kwa nini?

Na mfano mwema tunao hapa hapa nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mfugaji wa Sirari anauza ng'ombe na kupokea fedha yake kwa simu ya kitochi, akiilinda kwa tarakimu nne tu. Kinachomsaidia ni kwamba ukikosea mara chache mlango unafungwa, na kwamba lazima uwe na laini yenyewe. Zaidi ya hayo, namba ni rahisi kukumbuka, kwa hiyo huitunza kichwani na kuificha hata kwa mwanawe.

Kwa hiyo nawaomba wanaohusika na mifumo ya serikali walitazame jambo hili. Kwanza, waondoe sharti la alama maalumu na badala yake watake urefu, tuseme herufi 15 au zaidi, na waruhusu nafasi kati ya maneno. Mtu akiandika maneno manne yasiyohusiana, kama vile chungu mvua baiskeli ndoana, atayakumbuka bila daftari. (Haya msiyatumie, maana yameshasomwa na nchi nzima.) Methali na jina la mtoto navyo havifai, kwa kuwa vinakisiwa. Pili, mfumo uzikatae nywila zinazojulikana kuvuja au kutumiwa na wengi. Tatu, mtu anayebahatisha azuiwe, na namba ya uthibitisho itumwe kwenye simu ya mwenye akaunti. Nne, maelezo yote yawe kwa Kiswahili, na pawepo kitufe cha kumwezesha mtu kuona anachoandika.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Ukienda stesheneri, acha kijana akuelekeze, lakini nywila iandike kwa mkono wako, naye atazame pembeni. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye mfumo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo bila ruhusa, lakini ukiwa umempa ufunguo mwenyewe, utapata kazi kubwa kueleza kwamba hukumruhusu.

Serikali imetumia fedha nyingi kujenga mifumo hii ili mwananchi ahudumiwe akiwa kwake. Itakuwa ajabu ikiwa milango yake yote, kuanzia Nyamongo hadi Robanda, itafunguliwa kwa daftari moja lililo juu ya meza ya duka. Je, wasomaji wenzangu wa mikoa mingine, hali huko kwenu ikoje?

Mwalimu Mstaafu,
Mugumu, Serengeti.