Lori la jeshi haliuawi na umri, huuawa na uzembe

Ndege ya mizigo inapotua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, safari ya bidhaa ndiyo kwanza inaanza. Dawa, spea, simu na vyakula vinavyoharibika haraka haviuzwi kwenye lami ya uwanja. Lazima lori lisogee, lipakiwe, litoke getini na kuelekea Konyokonyo, Gudele au mbali zaidi, upande wa Terekeka, Bor na Torit. Nje ya mji barabara nyingi ni za udongo, na mvua zikishika, hugeuka tope linalomeza lori la kawaida hadi kwenye ekseli.

Hapo ndipo malori ya zamani ya jeshi yanapopata soko. Ural, KamAZ, ZIL, Bedford na Leyland DAF yalitengenezwa kubeba askari na risasi mahali pasipo na barabara. Chasi yake iko juu, na magurudumu yote huvuta. Jeshi likishayachoka huyauza, na mfanyabiashara huyapata kwa bei ambayo lori jipya la uwezo huo haliwezi kuikaribia. Kwa mtu anayehangaika na mtaji mdogo, hiyo ni fursa.

Lakini bei hiyo ndiyo mtego wenyewe. Wengi huweka bajeti ya kununua, hawaweki bajeti ya kutunza. Lori linaingia kazini na mafuta yaleyale lililotoka nayo ghalani, linabebeshwa kupita uwezo, na siku linapogoma lawama zote huangukia uzee wake.

Juba ina somo lake kuhusu jambo hili, tena chungu. Novemba 4, 2015, ndege ya mizigo aina ya Antonov An-12 ilianguka karibu na Mto Nile muda mfupi baada ya kuruka kutoka uwanja huo, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. An-12 ilibuniwa kama ndege ya usafirishaji wa kijeshi, na ile iliyoanguka ilitengenezwa mwaka 1971. Watu wengi waliishia kwenye umri huo. Kampuni ya Antonov, iliyobuni ndege hizo, ilisema jambo jingine: ndege ile haikustahili kuruka kwa sababu haikufanyiwa kwa wakati matengenezo yaliyohitajika ili kuongeza muda wake wa matumizi. Chombo cha zamani kina ratiba yake, na ratiba hiyo haisamehe.

Lori haliruki, lakini kanuni ni ileile. Kinachotofautiana ni kwamba lori huua kimyakimya zaidi: breki moja iliyokataa kwenye mteremko, tairi moja lililopasuka likiwa na mzigo na utingo wawili juu yake.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kununua. Mnunuzi huchungulia kioo cha kilomita, akaona namba ndogo, akafurahi. Ni kweli malori mengi ya jeshi hutembea kidogo. Lakini kusimama miaka mingi ghalani ni ugonjwa mwingine. Sili za mpira hukauka na kupasuka, mabomba ya breki huota kutu kwa ndani, tangi la dizeli hujaa maji na uchafu, na matairi hukomaa bila kutembea. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa halifai. Anayetaka ukweli asome namba nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 1418 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayesifia kilomita aulizwe kwanza umri wa matairi.

Kosa la pili ni kununua jina badala ya kununua injini. Lori linaloweza kupita popote halina faida ikiwa spea yake haipiti popote. Mfano mzuri ni Leyland DAF ya tani nne iliyotumiwa na jeshi la Uingereza. Injini yake ni Cummins ya silinda sita, lita 5.9, ambayo imefungwa pia kwenye mabasi, mitambo ya ujenzi na jenereta duniani kote. Fundi wa Nairobi au Kampala anaijua, na gasketi yake haimtoi mtu jasho. Kuna malori mengine imara kama chuma, lakini nozeli zake ni za kuagiza kutoka mbali. Kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara apite Kirinyaga Road, Nairobi, au Kisenyi, Kampala, aulize bei ya pampu ya dizeli, sahani ya klachi na beringi za magurudumu za lori analolitaka. Akizunguka siku nzima bila jibu, amekwisha kupata jibu.

Kosa la tatu ni la kila siku, na ndilo linalogharimu zaidi. Lori linalosubiri mizigo uwanja wa ndege huunguruma muda mrefu likiwa limesimama, kisha hutambaa polepole mjini. Kilomita zinaongezeka kidogo, lakini injini imefanya kazi kutwa nzima. Kwa lori kama hilo, kubadili oili kwa kuhesabu kilomita peke yake ni kujidanganya. Hesabu ya saa za kazi ndiyo ya kweli.

Vivyo hivyo dizeli inayouzwa kwenye mapipa mara nyingi huwa na maji. Kumwaga maji kwenye filta kila asubuhi huchukua dakika chache, na pampu ya dizeli iliyoharibiwa na maji huchukua faida ya safari nzima. Lori likivuka mto au dimbwi refu, oili ya difu na ya giaboksi ikaguliwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe siku hiyohiyo. Beringi za magurudumu nazo zifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo yabadilishwe walau kila baada ya miaka miwili, hata kama lori lilikuwa limelala. Na filta ya hewa isafishwe mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi, kwa kuwa vumbi husaga injini ile iliyonusurika kwenye tope.

Mambo haya hayahitaji kompyuta. Huo ndio uzuri wa malori haya: pampu yake ni ya chuma na springi, na fundi mwenye spana na jicho zuri anaweza kuyarudisha barabarani chini ya mwembe. Lori jipya lenye injini ya kielektroniki likigoma katikati ya Jonglei, linasubiri mtu mwenye kompyuta. Kwa hiyo wanaotaka malori yote makuukuu yapigwe marufuku wanapaswa kueleza nani atafika kule ambako malori mapya hayafiki. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kudondosha chakula kwa ndege hugharimu mara kadhaa kuliko kukipeleka kwa barabara. Lori likishindwa, ndege hubaki kuwa njia pekee, na bei ya ndege haiendani na mfuko wa mama muuza unga.

Hata hivyo, hoja ya usalama haiwezi kufukiwa. Agosti 2021 madereva wa malori walisimama upande wa Elegu, mpakani mwa Uganda, wakakataa kuvuka kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa barabarani. Barabara ya Juba hadi Nimule ina lami, kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, lakini lami peke yake haimlindi dereva ambaye lori lake limekufa njiani jioni. Filta ya bei ndogo iliyorukwa inaweza kumlaza binadamu porini. Mwenye lori anayelala nyumbani kwake Kampala au Eldoret akumbuke kwamba hatari hiyo ameinunua yeye, ila anayeilipa ni dereva na utingo wake.

Na mwenye mzigo naye ana sehemu yake. Lori la tani tano za vitunguu likikwama siku nne na robo ikaoza, tani moja na robo imepotea, na hakuna anayerudisha. Wafanyabiashara wanaokodi malori huuliza bei ya kusafirisha tu. Waulize pia daftari la matengenezo: oili ilibadilishwa lini, matairi ni ya mwaka gani, breki zilifunguliwa lini. Mwenye lori asiye na daftari ashushe bei, au akose mzigo. Soko likidai daftari, daftari litaandikwa.

Serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo haziwezi kukaa pembeni. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Mfumo wa biashara rahisi wa Jumuiya humsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Gasketi na nozeli zinazotoka nje ya ukanda haziingii hapo. Anayebeba sili kumi na mkanda wa feni kwenye begi ili akaokoe lori lililokwama hushughulikiwa kama mwagizaji mkubwa. Si lazima ushuru ufutwe. Inatosha spea za dharura za malori ya mizigo zipewe dirisha lake mpakani, zikaguliwe na kuondoka siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni mafundi. Chini ya Soko la Pamoja, nchi wanachama zimetiliana saini mikataba ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi wa dizeli hayumo. Ni yeye anayefanya biashara ya mpakani itembee, lakini cheti chake cha Uganda au Kenya akifika Juba ni karatasi tu. Zikiwekwa ngazi za ufundi zinazotambuliwa kote, na vijana wa Juba wakapewa nafasi ya kujifunza chini ya mafundi hao, mji ule hautalazimika kungoja fundi atoke Gulu kila pampu inapoziba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye malori ya jeshi ufa huanza kama tone la oili chini ya injini. Anayeliona asubuhi, kabla ya lori kuondoka getini pale uwanja wa ndege, hulipa bei ya sili moja. Anayeliacha hulilipia Terekeka, kwa winchi, mzigo uliooza na mteja aliyekwisha kununua kwa mwingine.