Mkataba wa kulinda ardhi: Nani anashika hati, nani analipa?

Katika miaka ya karibuni vijiji vingi vya wafugaji na wakulima, kaskazini mwa Tanzania na pia nchini Kenya, vimekuwa vikipokea wageni wenye mikataba mikononi. Wapo wanaotaka kulipia kaboni iliyomo kwenye miti na udongo. Wapo wanaotaka mapito ya wanyamapori yasilimwe. Wapo pia wanaotafuta eneo la kambi ya watalii. Baadhi ya mikataba hiyo ni ya miaka 30 na zaidi. Mwananchi anayeitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuipitisha huwa na swali moja: tutalipwa kiasi gani?

Swali hilo ni la msingi, lakini halipaswi kuwa la kwanza. Uzoefu wa zaidi ya miaka 20 katika ukanda wetu unaonyesha kuwa bei ya ekari peke yake haitoshi kutuambia kama ardhi itabaki salama. Mifano miwili, mmoja wa Simanjiro na mwingine wa Kitengela nje kidogo ya Nairobi, inatosha kulieleza jambo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu wazo lenyewe. Utaratibu wa asasi isiyo ya kibiashara kulinda ardhi kwa manufaa ya umma ulianza Marekani mwaka 1891, katika jimbo la Massachusetts. Leo mkulima wa huko anaweza kubaki na shamba lake, akaendelea kulima na kufuga, ila akatia saini kwamba halitakatwa viwanja vya nyumba. Kwa kufunga mlango huo hulipwa fedha au hupata nafuu ya kodi. Asasi nayo hubeba jukumu la kukagua kila mwaka kama masharti yanafuatwa. Kwa hiyo anachouza mkulima ni haki moja tu kati ya haki nyingi alizonazo juu ya ardhi yake.

Sh 217 za Terrat

Kijiji cha Terrat kiko wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mvua zinapoanza, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini na kwenda kwenye tambarare za Simanjiro kufuata majani mafupi yenye madini mengi, na nyumbu huzalia huko. Kiangazi kikifika hurudi kwenye mto Tarangire. Tambarare hizo zikilimwa zote, hifadhi itabaki na mto bila wanyama, na kampuni za utalii zitakosa cha kuonyesha.

Mwaka 2005 kundi la kampuni za utalii liliingia mkataba na kijiji hicho, kwa usaidizi wa asasi za uhifadhi. Kijiji kilikubali kutolima na kutojenga makazi ya kudumu katika eneo la hekta 9,300, yaani karibu ekari 23,000. Kuchunga mifugo kuliruhusiwa kama kawaida, na maboma ya msimu pia. Kampuni zilikubali kukilipa kijiji Sh milioni 5 kila mwaka.

Msomaji akichukua kikokotoo atapata jibu la kushangaza. Ni wastani wa Sh 217 kwa ekari kwa mwaka, fedha ambayo hata kwa bei za wakati ule haikutosha kununua chupa ya soda. Mchumi anayetazama mezani tu angesema kijiji kimepunjwa, kwani ekari moja ya maharage ingeleta mara nyingi zaidi.

Hata hivyo wana kijiji hawakuwa wajinga wa hesabu. Eneo hilo lilikuwa malisho yao tangu zamani na waliendelea kulichungia, kwa hiyo Sh milioni 5 ziliongezwa juu ya maziwa, ndama na ng'ombe wa mnadani ambao tayari walikuwa wakiwapata. Aidha, tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa yalikuwa yameanza kuingia Simanjiro, na hofu ya kupoteza ardhi ya kijiji ilikuwa kubwa. Mkataba ule ulikuwa pia njia ya kusema kwa maandishi kwamba eneo hili lina mwenyewe na lina kazi. Baadaye kijiji jirani cha Sukuro nacho kilifuata utaratibu kama huo.

Tusiseme kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Nje ya eneo la mkataba kilimo kiliendelea kupanuka Simanjiro. Tena mfugaji ana gharama ambayo haikuandikwa kwenye mkataba: nyumbu wanapozaa huacha ugonjwa unaoua ng'ombe, hivyo hulazimika kuondoa mifugo kwenye malisho mazuri kwa muda. Gharama hiyo ilistahili kuhesabiwa mezani kabla ya bei kukubaliwa.

Dola nne za Kitengela

Sasa tuvuke mpaka. Kitengela iko kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na kama Simanjiro, ni mahali wanyama wanapotokea msimu wa mvua. Huko mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya uhifadhi ulianza mwaka 2000. Kila familia iliyojiunga ililipwa dola nne za Marekani, takriban shilingi 300 za Kenya, kwa ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa kutoweka uzio, kutolima, kutochimba mawe, kutouza ardhi kwa muda wa mkataba na kutowadhuru wanyama. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, sambamba na kufunguliwa kwa shule, ili mzazi apate ada kwa wakati. Hapo waandaaji walifikiri vizuri.

Kwa thamani ya fedha ya wakati ule, dola nne zilikuwa karibu mara 20 ya malipo ya Terrat kwa ekari. Zaidi ya hayo, fedha ziliingia moja kwa moja mkononi mwa familia. Kwa familia maskini zilikuwa msaada wa kweli, hasa wakati wa ukame. Lakini uzio, nyumba na viwanda viliendelea kuongezeka Kitengela mwaka hadi mwaka, na njia ya wanyama ikazidi kubanwa.

Kwa nini bei kubwa ilizidiwa nguvu na bei ndogo ikapokelewa? Sababu ya kwanza ni umiliki. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa katika miaka ya 1980 na kila familia ikapata hati yake. Mwenye hati anaweza kuuza peke yake, na ekari moja ikiuzwa na kuwekewa uzio katikati ya njia, ekari za jirani zinapoteza thamani kwa wanyama. Terrat ardhi ni ya kijiji, na mtu mmoja hawezi kuiuza.

Sababu ya pili ni kile ambacho malipo yanashindana nacho. Terrat yaliongezwa juu ya ufugaji. Kitengela yalishindana na mnunuzi wa kiwanja kutoka Nairobi, na dola nne haziwezi kumshinda mtu huyo. Sababu ya tatu ni chanzo cha fedha. Mpango wa Kitengela uliegemea sana wafadhili, na mfadhili ana muda wake. Anapoondoka, ada ya shule bado inadaiwa.

Hati kwanza

Hapa ndipo kazi ya asasi za ardhi inapoonekana. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa mtu mmoja, familia au kundi. Kwa miaka mingi tulizoea kuiona kama karatasi ya mtu na shamba lake. Asasi ya Ujamaa Community Resource Team ya Arusha iliitumia kwa njia nyingine, yaani hati ya pamoja ya jamii nzima. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa zaidi ya hekta 20,000. Edward Loure, mzaliwa wa Simanjiro aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016, wakati eneo lililolindwa kwa njia hiyo likiwa limezidi ekari 200,000.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Ni kusuluhisha mipaka na kijiji jirani, kupima, kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kutunga sheria ndogo, na kurudi mkutanoni mara ya tatu na ya nne mpaka wanawake na vijana nao waelewe. Inachukua miaka, na wafadhili wengi hawapendi kuilipia kwa sababu haina picha ya tembo. Lakini bila hiyo, mkataba wowote wa kaboni au utalii unajengwa juu ya mchanga.

Tumeona matokeo ya kuruka hatua hiyo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi nchini Kenya iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Ardhi yenye mgogoro mahakamani haimnufaishi mfugaji wala mwekezaji.

Hata hati ikiwepo, swali la mlipaji linabaki. Mwaka 2020 corona ilipozuia watalii, baadhi ya wenye ardhi wanaozunguka Maasai Mara walipunguziwa au kucheleweshewa kodi zao. Kijiji kinachotegemea mlipaji mmoja ni sawa na mkulima wa zao moja. Asasi makini hutenga akiba ya ulinzi tangu mkataba unaposainiwa, ili askari wanyamapori wa kijiji walipwe hata mwaka mbaya.

Wafanyabiashara wadogo wasidhani hili haliwahusu. Muuza unga, dawa za mifugo na vitenge kwenye mnada anaishi kwa fedha ya ng'ombe. Malisho yakifungwa, ama kwa uzio wa mwekezaji au kwa mkataba mbaya wa uhifadhi, ng'ombe hupungua na mnada hudorora.

Maswali ya mkutanoni

Nashauri kabla ya mkono kunyooshwa, mkutano wa kijiji udai majibu ya mambo matano. Je, hati ya eneo iko kwa jina la nani? Ni haki ipi hasa tunayoiacha, na zipi zinabaki, hususan kuchunga wakati wa ukame? Nani analipa, na asipolipa mkataba unavunjika baada ya muda gani? Fedha zinaingia kijijini au kwa familia, na nani anazikagua? Je, bei itapitiwa upya kila baada ya miaka mingapi?

Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sh milioni 5 za mwaka 2005 hazinunui leo kile zilichonunua wakati ule, na mkataba wa miaka 30 usio na kifungu cha kupitia bei ni mkopo ambao kijiji kinampa mwekezaji bila riba. Halmashauri za wilaya, ambazo zina wanasheria, zinapaswa kuwapeleka kwenye vijiji kabla ya saini. Kwa mikataba ya kaboni Serikali ilikwisha kutoa kanuni mwaka 2022, hivyo kijiji kina haki ya kuuliza kama mwekezaji amezifuata.

Wa Terrat walikubali fedha kidogo wakijua wanabaki na nini. Anayekubali fedha nyingi bila kujua anaacha nini ndiye aliyepunjwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa ardhi daftari hilo ni hati pamoja na mkataba uliosomwa kwa sauti, kwa lugha ya wenye ardhi, kabla ya kutiwa saini.