Malori ya Vita Yapewapo Kazi ya Amani

Kila inapotajwa zana ya ziada ya jeshi la Marekani, fikira za wengi huelekea mji wa Ferguson, ambako mwezi Agosti 2014 polisi walionekana barabarani na magari ya deraya mbele ya waandamanaji. Mjadala ule ulikuwa mkali, nao haujakoma hata leo. Lakini jambo hili lina upande wa pili usiopigiwa kelele, ambao kwa maoni yetu unastahili kuangaliwa na kila askari anayeendesha au kutunza gari la serikali.

Upande huo ni wa malori. Kwa mujibu wa sheria ya misitu ya mwaka 1978, Idara ya Misitu ya Marekani huyaazima majimbo mali ambayo serikali kuu haiihitaji tena, nayo majimbo huipeleka kwa vikosi vya zimamoto vya vijijini. Mali hiyo hubaki kuwa ya serikali kuu. Upo pia mpango wa pili, unaohusu mali ya Wizara ya Ulinzi, ambao humpa mpokeaji umilki kamili akisha kutimiza masharti ya kuliweka gari kazini. Ikumbukwe kwamba wengi wa wazima moto wa nchi ile ni watu wa kujitolea: wakulima, waalimu na wenye maduka. Vikosi vyao havina fedha za kununua lori jipya. Ndiyo maana mwaka 2014, Wizara ya Ulinzi iliposimamisha ugawaji kwa sababu ya kanuni za moshi wa injini, majimbo yanayosumbuliwa na mioto ya nyika, Oklahoma miongoni mwao, yalilalamika hata zuio hilo likaondolewa baada ya majuma machache.

Je, lori hilo ni la bure kweli? Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa usemi wao unathibitika.

Tuchukue lori la M35, lililoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lina ekseli tatu, magurudumu yote huvuta, na injini za baadaye ziliweza kutumia dizeli, mafuta ya taa hata petroli. Ni chombo imara. Hata hivyo, lilikusudiwa kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara. Tangi la lita 4,000 likijazwa maji, maji peke yake ni tani nne, kabla ya kuhesabu chuma cha tangi, pampu, mipira na watu. Tena maji si sawa na masanduku ya risasi yaliyofungwa kamba. Tangi lililojaa nusu, lisilo na kuta za kuyagawa maji ndani yake, huyaacha yakimbilie upande mmoja kwenye kona, na lori hufuata maji.

Ama kuhusu breki, M35 za miaka mingi zilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Fundi mwenye busara huitengeneza kasoro hii kabla ya kupaka rangi nyekundu na kufunga king'ora.

Umeme nao una mtego wake. Gari la jeshi hutumia volti 24, ilhali redio na taa nyingi za kiraia ni za volti 12. Fundi mwenye haraka huchukua umeme wa redio kutoka betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo hudhoofika, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hufa usiku wa moto. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti. Na tairi lililokaa ghalani huweza kuwa na meno marefu, lakini mpira wake umezeeka. Tarakimu nne za mwisho ubavuni hutaja juma na mwaka lilipotengenezwa.

Twajifunza nini? Kwanza, thamani ya zawadi ya namna hii haimo katika lori, bali katika karakana, vipuri na saa za fundi zitakazofuata. Serikali igawayo magari bila kugawa ujuzi hugawa ajali. Pili, kazi ya dereva wa jeshi haiishi siku gari linapotoka kambini. Kitabu cha gari kilichoandikwa kwa uaminifu, kikionyesha kila bomba lililobadilishwa na kila kasoro iliyoachwa, huweza kuwa silaha ya mwisho ya mtu asiyemjua kamwe: mkulima aliyeshika usukani, moto ukiwa mbele yake, na tani nne za maji mgongoni.