Haramia naye ana siku 15

Leo naomba mnivumilie, nitawapeleka kwenye vifungu vya sheria. Najua wengi mkisikia "kifungu" mnakimbilia habari za mpira, lakini hili linatuhusu sisi tunaokaa pwani ya bahari hii ya Hindi.

Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakabidhi watuhumiwa kwa mataifa ya nje, na sheria hiyo ikatumika pia kwenye makoloni. Katika orodha ya makosa yake, uharamia wa baharini umo. Wakoloni hawakuwa na huruma na maharamia hata kidogo. Hata hivyo, sheria yao iliamuru mtuhumiwa apelekwe kwanza mbele ya hakimu, na hakimu akikubali akabidhiwe, mtu huyo apewe siku 15 za kukimbilia mahakama ya juu kupinga. Sheria yetu Tanzania ya mwaka 1965 ilibeba utaratibu huo huo: ombi kwa waziri, hakimu, siku 15.

Sasa twende Kenya. Kanuni ya Adhabu ya huko ilianza kutumika mwaka 1930, enzi za gavana. Kifungu cha 69 kilisema atakayefanya uharamia ndani ya maji ya nchi au bahari kuu ana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Uharamia ni nini? Hakikueleza. Kilitaja maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "kwa sheria ya mataifa", basi. Kwa kifungu hicho, mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwafunga Wasomali 10 miaka saba kila mmoja. Walikuwa wamekamatwa na manowari ya Marekani baada ya kuteka jahazi la Kihindi.

Baada ya hapo mlango ukafunguliwa. Desemba 2008 Kenya ikasaini makubaliano na Uingereza, Januari 2009 na Marekani, na Machi 2009 ikabadilishana barua na Umoja wa Ulaya. Narudia: barua. Manowari inakamata, inatia nanga Kilindini, inakabidhi, inaondoka. Kabla ya kukabidhiwa, mtuhumiwa hakuonwa na hakimu yeyote wa kuuliza kama ni halali apelekwe huko. Zile siku 15 za mwaka 1870 hazikuwafikia hawa.

Angalieni mfano huu mnipe jibu. Aprili 2010 Waholanzi waliwakamata Wasomali 10 walioteka meli ya Kijerumani. Waliwapeleka Uholanzi, mahakama ya Amsterdam ikakaa na kuamua kama wakabidhiwe Ujerumani, ndipo wakapelekwa Hamburg kushtakiwa. Mwaka mmoja kabla, Machi 2009, manowari ya Kijerumani iliwakamata Wasomali tisa, na hao wakashushwa Mombasa ndani ya siku chache. Bahari ile ile, kosa lile lile. Mzungu akimkabidhi Mzungu mwenzake, jaji anakaa. Akimkabidhi Mwafrika, barua inatosha. Hivi hapo kosa ni la Mzungu peke yake, au na sisi tuliosaini?

Wale tisa walizua kizaazaa. Novemba 2010 Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu Mombasa aliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya kosa lililofanyika nje ya maji ya Kenya. Tena kifungu cha 69 chenyewe kilikuwa kimefutwa na sheria mpya ya meli ya mwaka 2009. Mwaka 2011 mahakama ya mji wa Köln, huko huko Ujerumani, ikasema kumkabidhi mmoja wao kwa Kenya kulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu ya hali ya gereza alikopelekwa. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikatengua uamuzi wa Jaji Ibrahim. Yaani miaka mitatu na nusu baada ya kushushwa bandarini, majaji bado walikuwa wanabishana kama watu hao wangeweza kushtakiwa hapo!

Najua kuna atakayeniambia, "Wewe mwandishi, unawatetea majambazi?" La hasha. Mwaka 2005 meli ya Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada kwa Wasomali wenyewe, ilitekwa. Mabaharia wake walikuwa Wakenya na Mtanzania mmoja pia, na walishikiliwa miezi mitatu hivi. Hao ni kaka zetu. Wanaostahili jela waende jela. Lakini kesi iliyojengwa juu ya sheria mbovu inamnyima haki hata baharia, kwa kuwa wakili hodari anaweza kuibomoa kwa hoja ya mamlaka tu, bila kugusa ushahidi.

Wahindi wamejifunza. Mwaka 2011 walikuwa na Wasomali zaidi ya 100 mjini Mumbai, wakahangaika nao kwa kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 isiyo na kosa la uharamia. Mwaka 2022 wakatunga sheria yao. Machi 2024 jeshi lao la majini lilipokamata maharamia 35, liliwapeleka Mumbai washtakiwe huko huko. Aliyekamata ndiye aliyeshtaki.

Sisi Tanzania tulirekebisha Kanuni ya Adhabu mwaka 2010 ili tuweze kuwashtaki waliokamatwa bahari kuu, na mwaka 2012 tukasaini makubaliano yetu na Uingereza. Sawa, uharamia tumeutazama. Ninachodai ni hiki: makubaliano ya namna hii yapite bungeni yasomwe hadharani, na mtuhumiwa anayeshushwa bandarini aonwe kwanza na hakimu, mwenye lugha yake na wakili, kabla nchi yetu haijampokea. Leo ni Msomali. Kesho ni mvuvi wa Kilwa au Pemba aliyepotezwa na upepo, akakutana na manowari isiyojua Kiswahili.

Kama mkoloni alimpa mtuhumiwa siku 15, sisi tuliojitawala tunampa ngapi? Nangoja maoni yenu.